Upepo kwenye simu ya shangazi

Kwa miaka mingi niliitambua simu ya shangazi yangu kabla hajasema neno. Kabla ya "haloo" ulitangulia upepo. Shangazi anaishi bondeni, katika Milima ya Usambara, upande wa Lushoto, na ili anipigie ilimbidi apande hadi kilimani penye mparachichi mkubwa, mahali ambapo kijiji kizima hupaita "mtandaoni". Kule, mtu akikuambia anakwenda mtandaoni, ujue amevaa kandambili, ameshika fimbo, na ana safari ya nusu saa ya kupanda. Nilimwamkia, "Shikamoo shangazi," na marahaba yake ilinifikia vipande vipande, nusu imeliwa na upepo. Habari za msiba, za mavuno, za mtoto kulazwa, zote alinieleza akiwa amesimama, anahema, na nyuma yake watu wengine wakingoja kimya karibu na mti uleule.

Ndiyo maana kampuni ya simu inapotangaza kwamba imeboresha mtandao wake, mimi siulizi kwanza kuhusu kasi. Nauliza ni masafa gani yamewashwa, na yanafika wapi.

Masafa ni jambo linaloonekana la wataalamu tu, lakini babu zetu wangelielewa upesi kwa vipimo vyao. Wimbi la redio la megahezi 700 lina urefu wa sentimeta 43 hivi, karibu dhiraa moja, yaani kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya vidole. Wimbi la megahezi 3500, ambalo ndilo linalotumika sana kwa 5G, ni la sentimeta 8 na nusu, upana wa kiganja tu. La dhiraa huenda mbali, hupita ukuta wa matofali bila kuchoka sana, hupenya shamba la migomba na msitu. La kiganja huchoka mapema. Majani yaliyolowa maji tu huweza kulipunguza nguvu. Lakini la kiganja lina fadhila yake: huko juu nafasi ni kubwa, kampuni moja inaweza kupewa kipande kipana cha megahezi themanini au mia, ilhali kule chini kwenye 700 watu hugawana vipande vya kumi au kumi na tano. Nafasi pana ndiyo inayoleta kasi. Kwa hiyo kila uboreshaji wa mtandao ni uamuzi kati ya mambo mawili: kuwapa wachache walio karibu na mnara kasi kubwa, au kuwapa wengi walio mbali mawasiliano ya kutosha. Kampuni nzuri hufanya yote mawili. Swali ni lipi linatangulia.

Masafa hayo ya dhiraa yana historia ambayo Mtanzania wa kawaida aliilipia bila kuambiwa. Yalikuwa ya televisheni. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata katika miezi iliyofuata. Wengi tunakumbuka hekaheka za ving'amuzi: waliokuwa na fedha wakanunua, wasiokuwa nazo wakabaki na televisheni zinazoonyesha chenga, wakaenda kutazama mpira kwa jirani. Tuliambiwa ni kwa ajili ya picha safi. Ilikuwa kweli, ila kulikuwa na sababu nyingine kubwa zaidi. Matangazo ya dijitali hubanwa. Mahali palipotosha kituo kimoja cha analojia panatosha vituo vingi vya dijitali. Nafasi inayobaki, kuanzia megahezi 694 kwenda juu, inaweza kukabidhiwa simu.

Na hapo pana jambo ambalo ningependa lifundishwe shuleni. Mwanzoni mwa 2012, katika mkutano wa dunia wa masafa ya redio uliofanyika Geneva, ni nchi za Afrika pamoja na za Kiarabu zilizosimama kudai kwamba kipande cha megahezi 694 hadi 790 kitolewe kwa simu katika ukanda wetu. Wenzetu wa Ulaya, ambao televisheni zao zilikuwa zimejaa humo, hawakulitarajia dai hilo. Waafrika hawakurudi nyuma. Ilikubaliwa kwamba kipande hicho kianze kutumika baada ya mkutano wa 2015, na ndivyo ilivyokuwa. Hoja ya Afrika ilikuwa nyepesi kueleweka: sisi hatuna nyaya za simu kila nyumba, watu wetu wametawanyika, tunahitaji mawimbi yanayokwenda mbali. Kwa maneno mengine, wajumbe wale walikwenda Geneva kumwombea shangazi yangu.

Ndiyo sababu nasema masafa ya 700 yana mwenyewe. Ni ya watu wa mbali, na yalitafutwa kwa jina lao.

Juni 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyapiga mnada kwa mara ya kwanza, na Vodacom na Azam Telecom wakachukua vipande, kila mmoja kwa takriban dola milioni 10. Oktoba 2022 ukaja mnada mkubwa zaidi, wa masafa ya chini na ya juu kwa pamoja, uliowaleta Vodacom, Airtel, Tigo na Halotel. Serikali ilipata dola milioni 187 hivi. Airtel peke yake ilitangaza kulipa dola milioni 60.1 kwa megahezi 140 katika masafa ya 2600 na 3500. Mwezi mmoja kabla ya mnada huo Vodacom ilikuwa imekwisha kuzindua 5G, ya kwanza nchini, ikianzia Dar es Salaam. Tangu hapo mabango ya barabarani yamekuwa na herufi na tarakimu hiyo moja.

Sipingi 5G. Nenda Kariakoo saa sita mchana utaona kwa nini inahitajika. Pale mnara mmoja unahudumia maduka ya ghorofa tano, mawakala wa fedha kila hatua kumi, wauzaji wanaorusha video za mabegi na vitenge moja kwa moja, na wateja wa mikoani wanaotumiwa picha ya mzigo kabla haujapakiwa kwenye basi. Malipo yakikwama dakika tano, foleni inageuka ugomvi. Wenye simu za 5G wakihamia kwenye masafa mapya, wanaobaki kwenye 4G wanapata nafuu. Hiyo ni faida hata kwa asiyejua 5G ni kitu gani.

Kazi yenyewe hufanyika usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Mafundi hupanda mnara wakiwa na mikanda ya usalama, antena ya zamani hushushwa kwa kamba na kapi, na mpya hupandishwa, bamba moja zito ambalo ndani yake mna antena ndogondogo makumi kwa makumi zinazoelekeza mawimbi mahali alipo mteja badala ya kuyamwaga pande zote. Chini, kwenye kibanda, wengine wanafunga vifaa vya umeme na kubadili programu. Kabla ya alfajiri mnara lazima uwe hewani. Anayeamka na kukuta simu yake inasoma 4G mahali ambapo jana ilisoma 3G hajui kwamba kuna mtu alikesha juu ya mita arobaini, gizani, kwa ajili yake. Kazi hiyo naiheshimu sana.

Lakini antena mpya si mtandao mpya. Mnara hupokea na kupeleka mzigo wake kwa njia ya nyuma: waya wa nyuzinyuzi ulio ardhini, au yale masahani meupe yanayotazamana mnara kwa mnara kupitia hewani. Njia hiyo ikiwa nyembamba, masafa mapana juu yake ni kama barabara ya njia sita inayoishia kivukoni penye pantoni moja. Magari yanafika kwa kasi, kisha yanapanga foleni. Na hata baada ya hapo pana safari ndefu: Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, minara yetu yote ilikuwa imesimama salama, haina hitilafu, na intaneti ikawa shida nchi nzima. Kwa hiyo kampuni inapotaja idadi ya minara iliyoboreshwa bila kusema mangapi kati ya hayo masahani yamebadilishwa kuwa nyuzinyuzi, imetoa nusu ya habari.

Vijijini shida ni nyingine. Huko mnara mmoja unaweza kuhitaji sola, betri, jenereta, mlinzi, na njia ya kupandisha dizeli msimu wa mvua, kisha wateja wake wakawa mia chache wanaoweka vocha ya shilingi mia tano. Hesabu ya biashara haikubali. Ndipo unapoingia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006: serikali hutangaza kata zisizo na huduma, kampuni hushindana kuomba ruzuku, na anayeomba kidogo zaidi kwa masharti yaleyale ndiye anayepewa. Tarehe 13 Mei 2023, Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, pamoja na kuongeza nguvu minara 304 iliyokuwa na 2G pekee. Kwangu mimi idadi hii ya pili ndiyo yenye uzito wa pekee. Mnara wa 2G humpa mwanakijiji sauti na ujumbe mfupi, humwezesha kubonyeza *150*00# akatuma fedha, lakini humwacha nje ya mambo mengine yote: mwanafunzi anayetafuta matokeo, mganga wa zahanati anayetakiwa kujaza taarifa kwenye mfumo, mkulima wa viazi anayetaka kujua lori liko wapi.

Halafu kuna simu yenyewe. Kitochi cha shangazi hakiwezi kusikia mawimbi ya 700 hata mnara ukiwa mlangoni, kwa sababu kilitengenezwa kwa ajili ya 2G. Hata simu janja za bei nafuu, hasa za zamani kidogo, nyingine hazina kabisa masafa hayo ndani yake, na muuzaji dukani hakuambii. Wengine wana simu nzuri ila laini ni ya zamani, haijabadilishwa kuwa ya 4G, na mtu anaishi mwaka mzima akiilaumu kampuni. Kampuni zilizotumia mamilioni ya dola kununua masafa zingeweza kumtuma kijana mmoja mwenye meza na mwavuli kwenye gulio la kila wiki, abadilishe laini bure na kuangalia simu za watu. Gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na bango moja la Barabara ya Nyerere.

Na hapa nina ombi mahsusi kwa TCRA. Tunapoambiwa asilimia fulani ya Watanzania wamefikiwa, maana yake mara nyingi ni kwamba wanaishi ndani ya eneo ambalo mnara unapaswa kufika. Vipimo vya ubora hufanywa kwa gari linalopita barabarani, na barabara za milimani hupita juu, kwenye migongo, siyo chini wanakoishi watu. Wimbi la dhiraa linapita ukuta, lakini mlima ni mlima. Pimeni kwa miguu, kitongoji kwa kitongoji, ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa. Masharti ya leseni ya masafa ya chini yaandikwe kwa kipimo hicho, na ramani ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji ili wenyewe waseme kama ni kweli.

Mwaka jana mnara mpya uliwashwa upande wa pili wa bonde la shangazi. Simu yake ililia jioni, wakati ambao kwa kawaida hawezi kupanda, nikaogopa nikadhani ni taarifa mbaya. Nilipopokea sikusikia upepo. Nilisikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini, na kuni zikialika motoni.

"Uko wapi, shangazi?"

"Niko jikoni, mwanangu. Nasonga ugali."

Tuliongea mpaka salio likaisha, juu ya mambo ambayo hatukuwahi kuyagusa kwa simu, kwa sababu hakuna anayeyasema akiwa amesimama mbele ya watu. Jirani yake, ambaye nyumba yake iko hatua mia mbili chini zaidi, nyuma ya mwamba, bado anapanda kwenye mparachichi.