Meza ya marumaru imefifia: tuitengeneze kabla ya kumkata mtu mshahara



Katika mikutano yetu swali moja linarudi, na linatoka pande mbili. Mama mwenye nyumba anauliza: meza yangu ya marumaru imepata alama nyeupe zisizotoka hata nikisugua namna gani, nifanye nini? Na dada anayefanya kazi katika nyumba za watu anauliza: wamenikata mshahara kwa sababu ya alama hizo hizo, kosa ni langu kweli? Tunawajibu wote wawili mara moja, maana habari ni ile ile.

Marumaru ni ndugu ya jiwe la chokaa. Ni chokaa iliyopikwa na joto na kubanwa chini ya ardhi kwa muda mrefu sana, kisha watu wakaikata na kuisugua mpaka ikang'aa. Inaonekana ngumu, lakini kati ya mawe ni laini. Wataalamu wanapima ugumu kwa kipimo cha 1 mpaka 10: marumaru iko kwenye 3 hivi, kisu cha chuma kinapita 5, na chembe nyingi za mchanga zinafika 7. Sasa fikirini vumbi letu la Goma, lile la mawe meusi ya Nyiragongo, linaloingia na viatu na kupita kwenye madirisha. Nalo ni gumu kuliko marumaru. Anayepangusa meza kwa kitambaa kikavu chenye vumbi hilo anaikwaruza kidogo kidogo kila siku, hata kama ana mkono mwepesi.

Adui wa pili ni uchachu. Ndimu, siki, nyanya, divai, Fanta, Coca: vyote vina asidi, na asidi inakula chokaa. Sahani ya sambaza za kukaanga na vipande vya ndimu pembeni, gilasi iliyomwagika kidogo na kuachwa, basi. Ile duara iliyofifia inayobaki si uchafu. Ni jiwe lenyewe limeliwa, ngozi yake imechubuka, na sabuni haiwezi kurudisha ngozi. Dakika chache zinatosha. Kwa hiyo mara nyingi alama imeingia usiku wa sherehe, wageni wakicheka, na dada wa kazi anaikuta asubuhi akiwa wa kwanza kushika kitambaa. Ndipo anakuwa pia wa kwanza kulaumiwa.

Upande wa pili nao tuuseme. Wako wanaopangusa marumaru kwa siki au kwa dawa ya choo, na hapo jiwe linafifia lote. Lakini tunauliza: dawa hiyo nani aliinunua na kumpa bila maelezo?

Kabla ya kutengeneza, hakikisheni kwanza kwamba ni marumaru. Katika miji yetu kila karo inayong'aa inaitwa marumaru. Wekeni tone moja la ndimu mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya ukingo. Likitoa vipovu vidogo, na mahali hapo pakikauka panabaki pamefifia, ni marumaru au jiwe la jamii yake. Karo ya kiwandani na granite havionyeshi kitu, na mafundisho ya leo hayavihusu. Wanaoishi katika nyumba za zamani za Bukavu au Lubumbashi, zile za wakati wa Wabelgiji zenye sakafu ya granito, wajue kwamba mara nyingi vipande vyake ni vya marumaru vilivyoshikwa na simenti. Waitunze vilevile.

Osheni meza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo sana, suuzeni mara mbili, kausheni kwa kitambaa laini. Msicheke: mara nyingine kazi inaishia hapo. Kilichofifisha kilikuwa utando wa sabuni ya kila siku, au mafuta ya kupikia ambayo mtu alipaka ili meza ing'ae. Mafuta hayo yanang'aa siku mbili, kisha yanashika vumbi na kuacha rangi ya manjano.

Kama alama bado ipo, pitisheni ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, mkwaruzo ni mzito na ni kazi ya fundi mwenye mashine. Ukiteleza, mnaweza wenyewe.

Kwa alama ya ndimu iliyo nyepesi, tafuteni poda ya kung'arisha marumaru. Nzuri ni ile ya oksidi ya bati, na mafundi wa makaburi na wa meza wanaijua. Loweshani jiwe, nyunyizeni poda kidogo, sugueni kwa kitambaa kizito cha sufu, kwa duara, mkikaza mkono, mpaka poda iwe kama uji mzito na mng'aro uanze kurudi. Ongezeni maji inapokauka. Ni kazi ya jasho. Alama moja ya gilasi inaweza kuchukua nusu saa. Bikarbonati ya dukani inasaidia kutoa utando tu, haitarudisha mng'aro ulioliwa.

Kwa mikwaruzo myepesi, tumieni msasa mweusi wa maji, na kila mara kwenye maji. Anzeni na ulio laini, namba 800. Ukishindwa kabisa ndipo mshuke kwenye 400. Kisha pandeni: 1500, halafu 3000, na mwisho poda. Kila mkibadilisha namba, osheni jiwe vizuri, na sugueni kwa kukata mwelekeo wa kwanza, ili mwone kama mistari ya zamani imekwisha. Mkiruka namba, mistari itabaki chini ya mng'aro na mtaiona jua likipiga dirishani. Msisugue sehemu ndogo peke yake, itakuwa kama shimo. Tanueni kidogo pembeni. Na jaribuni kwanza kwenye kona.

Hapa tunasema kwa nguvu. Msisugue jiwe kavu, vumbi lake si la kuvuta, zaidi pakiwa na mtoto mgongoni. Baadhi ya poda za marumaru zina asidi oksaliki, ambayo ni sumu: vaeni glavu, na msiiweke kamwe ndani ya chupa ya Fanta au kopo la maziwa. Na anayechanganya Javel na dawa ya choo yenye asidi, akidhani vitasafisha zaidi, anatengeneza hewa ya sumu ndani ya chumba.

Majivu na mchanga vinang'arisha sufuria zetu tangu wakati wa bibi zetu. Tuviache kwenye sufuria.

Kwa kila siku, kitambaa chenye unyevu na maji matupu vinatosha. Nta inapunguza kuingia kwa madoa, lakini haizuii ndimu kula jiwe, hata kama muuzaji anaapa. Wekeni kitambaa au sinia chini ya vyakula vyenye uchachu.

Na dada zetu wa kazi: siku ya kwanza katika nyumba yenye marumaru, piteni na mwenye nyumba mezani na kwenye sakafu, mtazame pamoja kwa mwanga wa dirisha, mpige picha za alama zilizopo, na mwulize ni dawa gani inaruhusiwa. Akiwapa chupa isiyo na maandishi, iacheni. Waliofundishwa kutumia msasa na poda wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa malipo ya pembeni, maana si sehemu ya kupangusa. Anayetaka kujaribu kwanza, tuna kipande cha marumaru kilichovunjika katika ofisi yetu, na ndimu si ghali.