Vespa Kuukuu Uani: Sakafu Kwanza, Injini Baadaye

Mtu akioneshwa vespa iliyolala miaka chini ya mwembe, jambo la kwanza analofanya ni kupiga kiki. Ikiwaka, anatoa fedha. Isipowaka, anaondoka zake. Njia zote mbili humpoteza. Injini ya vespa ya zamani inanunulika: pistoni, ringi, silinda, beringi, hata shafti nzima, vyote vinatengenezwa mpaka leo. Kisichopatikana kirahisi ni bodi, na bodi ndiyo vespa yenyewe.

Pikipiki ya kawaida ina fremu ya mabomba, na vingine vyote hufungwa juu yake. Vespa haina fremu ya namna hiyo. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyeibuni kwa ajili ya kampuni ya Piaggio huko Pontedera, Italia, hataza yake ikiombwa mwaka 1946, alitumia bati la chuma lililokandamizwa kwa mashine na kuchomelewa hadi likawa umbo moja linalobeba mpanda, abiria, tanki, injini na gurudumu la mbele. Ni kama ganda la yai: nguvu yake imo katika umbo, haimo katika unene. Kutu ikiparamia fremu ya mabomba, mara nyingi unapiga msasa, unapaka rangi, mambo yanaendelea. Kutu ikila sakafu ya vespa, imekula uti wa mgongo.

Pwani yetu haina huruma na bati. Unguja, Mombasa na Tanga vespa hulala nje, upepo wa chumvi ukipita juu yake usiku kucha, na masika huiacha ikisimama kwenye maji. Adui mkubwa zaidi haonekani kutoka juu. Chini ya sakafu imechomelewa mihimili ya bati yenye uwazi ndani. Gurudumu la mbele hurusha matope, matope hujaa humo, maji hubaki, na kuoza huanza ndani kwa ndani. Juu unaona sakafu nzuri yenye vipande vyake vya mpira, kumbe chini mhimili umebaki jina tu.

Kwa hiyo ukaguzi wangu huanzia chini. Hakikisha hakuna petroli tankini, tandika gunia, ilaze vespa kwa ubavu, kisha chukua bisibisi na uchokoe bila aibu. Bati zima hulia kwa mlio mkali na kukataa ncha ya bisibisi. Bati bovu hutoa mlio mfu na kumeguka. Sehemu za kuchokoa zaidi ni pale ngao ya miguu inapokutana na sakafu, kuzunguka tundu la pedali ya breki, pale stendi iliposhikizwa, na nyuma ambako shokapu imefungwa kwenye bodi. Muuzaji akikataza bisibisi, umepata jibu lako bila kuchafua mikono.

Kisha chukua sumaku ndogo, ivingirishe kitambaa ili isikwaruze rangi, uipitishe polepole juu ya ngao, sakafu na mbavu. Pale inapoacha kushika, chini yake kuna puti. Puti kidogo ya kuficha kibonyeo haina ubaya. Puti iliyojaza tundu ni udanganyifu, tena wa hatari, kwa sababu haibebi uzito wa mtu. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani walijifunza hili kwa gharama kubwa kutokana na vespa zilizopambwa Vietnam: nje zinang'aa, ndani ni viraka vya bati na puti nene. Ndiyo maana napendelea rangi chakavu ya kiwandani, iliyopauka na kuchubuka, kuliko rangi mpya ya juzi. Rangi chakavu haina la kuficha. Nikiona vespa ya kale imepakwa rangi mpya siku chache kabla ya kuuzwa, huongeza muda wa ukaguzi na kupunguza bei ninayokusudia kutaja.

Kisha isimamishe vespa wima, simama nyuma yake, uangalie kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja. Chunguza bati chini ya shingo ya usukani. Mikunjo midogo mahali hapo ni alama ya kugonga ukuta au gari, na bodi iliyopinda hivyo hunyooshwa vizuri na mafundi wachache sana wenye mtambo wa kuishikilia wakati wa kazi.

Sakafu ikifaulu, usihamie injini bado. Soma namba. Kwenye bodi, mara nyingi kando ya mahali panapofunikwa na ubavu wa upande wa injini, kuna herufi na tarakimu zilizogongwa. Vespa 150 ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 huanza na VBB1T. P150X iliyoanza kutengenezwa 1978 huanza na VLX1T. Injini nayo ina namba yake, karibu na shokapu ya nyuma, yenye herufi hizohizo ila T imegeuka M: VBB1M, VLX1M. Herufi zikitofautiana, injini imebadilishwa. Hilo peke yake si kosa, kwani vespa nyingi zimeishi maisha marefu kwa kubadilishana injini. Kosa ni kadi ya usajili kusema jambo moja na chuma kusema jingine. Namba iliyosagwa au kugongwa upya kwa mkono iache hapohapo, hata ukipewa bure.

Kadi ina swali jingine ambalo wanunuzi huliogopa kwa sababu ya haya. Vespa nyingi zilizotelekezwa zilikuwa za mzee aliyekwishafariki. Anayekuuzia ni mtoto mmoja, wakati mali ni ya warithi wote. Uliza kwa adabu, lakini uliza: nani ameteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, na je, ndugu wengine wanajua? Bila karatasi ya msimamizi huwezi kubadilisha umiliki kwa njia halali, na vespa utakayoitengeneza kwa jasho lako inaweza kudaiwa siku itakapoanza kupendeza. Kama familia bado haijakubaliana, waachie namba yako ya simu, uwape muda.

Sasa injini. Usipige kiki. Toa plagi, tia oili kidogo ndani ya silinda, uiache hadi kesho yake, kisha zungusha feni kwa mkono. Injini iliyokaa muda mrefu huwa na ringi zilizoshikana na silinda kwa kutu, na kiki ya nguvu huzivunja. Hata ikigoma kabisa kuzunguka usikate tamaa. Silinda inaweza kuchongwa upya na kuwekewa pistoni ya saizi kubwa zaidi, kazi ambayo mafundi wetu wa mashine wanaifanya kila siku.

Kuna sehemu moja tu ya injini inayonitia wasiwasi wa kweli. Katika vespa nyingi kubwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, shafti yenyewe hufanya kazi ya vali: uso wake unapozunguka hufunga na kufungua tundu la kuingizia mchanganyiko wa hewa na mafuta, ukipita karibu mno na uso uliochongwa ndani ya kasha la injini. Punje ya mchanga au kipande cha beringi kikipita hapo, uso huo hukwaruzika. Mikwaruzo myembamba inavumilika. Ikiwa mifereji mirefu, injini itakuwa ngumu kuwaka na dhaifu mlimani, na dawa yake kubwa ni kasha jingine. Toa kabureta, mulika tundu kwa tochi, utazame mwenyewe. Ni ukaguzi wa dakika chache, na ajabu yake ni kwamba hakuna anayeufanya.

Kama muuzaji tayari anaiwasha, sikiliza na utazame moshi. Injini inayopanda kasi yenyewe na kukataa kushuka huenda inavuta hewa kupitia sili iliyokauka upande wa feni. Ukiona moshi mzito usiokwisha, na oili ya giaboksi inapungua, shuku sili ya upande wa klachi. Sili ni za bei ndogo, lakini kuzifikia hizo huweza kuhitaji kushusha na hata kupasua injini, kwa hiyo hesabu kazi, usihesabu mpira tu. Hakikisha pia kilichomo tankini. Injini hii hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli, kwa nyingi mililita 20 kwa lita moja, isipokuwa zile zenye tanki lake la oili. Kuna wanaojaribu injini kwa petroli tupu, halafu wanashangaa pistoni kukwama.

Vitu vinavyokosekana hula fedha kimyakimya. Ubavu wa VBB hauingii kwenye P150X, na gurudumu la inchi 8 halibadilishani na la inchi 10. Spidomita, taa yenye umbo lake, kufuli na vifuniko ukivitafuta kimoja kimoja vinaweza kuzidi gharama ya kutengeneza injini. Nyingi za miaka ya 1960 zina umeme wa volti 6, mwanga wake hautoshi barabara ya usiku yenye malori, basi anayetaka kuitumia kila siku ahesabu na hilo.

Kwangu, vespa yenye bodi nzima, kadi safi na vifuniko vyake vyote, injini ikiwa imekufa, ni ununuzi mzuri, na injini hiyo ndiyo hoja yako ya kushusha bei. Vespa inayonguruma vizuri juu ya sakafu iliyooza inafaa kununuliwa kwa bei ya injini peke yake, tena na mtu ambaye bodi nzima anayo tayari. Wauzaji hawapendi hesabu hii, nami nawaelewa, lakini maisha ya atakayekaa nyuma yako yanategemea sakafu ile.

Ukiinunua, ipakie kwenye pikapu. Usiiendeshe kurudi nyumbani hata kama imewaka, maana waya za breki zilizokaa zikishika kutu hukatika mara unapozibana kwa nguvu, na tairi zinaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira umekufa. Tazama ubavuni mwa tairi mwisho wa maandishi ya DOT: tarakimu nne ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tarakimu zikiwa tatu tu, tairi hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000, ing'oe siku hiyohiyo.