Baiskeli za Kukata Upepo na Thamani Yake

Sisi watu wa visiwani twaujua upepo wa mbisho. Mpanda baiskeli aendaye mbio hujizalishia upepo wa namna hiyo hata siku ya shwari. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu ya upepo unaomzuia huzidi mara nne, na kazi ya miguu ya kuushinda huzidi mara nane. Kwa ajili hiyo viwanda vimeunda baiskeli za mashindano zenye fremu bapa na nyaya zilizofichwa ndani, ili upepo upite bila ya kukwama. Zile za daraja la juu kabisa huuzwa kwa zaidi ya dola 10,000 za Marekani. Je, zastahili bei hiyo?

Tuutazame ushahidi. Tarehe 23 Julai, 1989, siku ya mwisho ya mashindano ya kuizunguka Ufaransa, Laurent Fignon wa Ufaransa alikuwa akiongoza kwa sekunde 50 mbele ya Greg LeMond wa Marekani. Zilibaki kilomita 24.5, kutoka Versailles hadi Paris, kila mmoja akienda peke yake. LeMond alivaa kofia iliyochongoka nyuma, na juu ya usukani wake alifunga vishikio vya kulazia mikono mbele ya kifua. Fignon alikwenda kichwa wazi, nywele zake ndefu zikipepea. LeMond alitwaa ushindi wa wiki tatu kwa sekunde 8 tu.

Vishikio vile vilikuwa kitu kidogo, na kazi yake ilikuwa kumwinamisha mpandaji. Hapo ndipo penye hoja. Katika uzito wote wa upepo, takriban robo tatu huupokea mwili wa mpandaji, na baiskeli hupokea sehemu iliyosalia. Kwa hiyo mkao mzuri, nguo za kubana na kofia ifaayo hutangulia fremu ya bei kubwa. Aidha, afuataye nyuma ya mwenzake hupunguziwa upepo bila ya kulipa hata senti.

Basi kwa bingwa aendaye kilomita 45 kwa saa, anayetafuta sekunde chache za kumshinda bingwa mwenzake, chombo hicho kina faida ya kweli. Kwa aendaye shamba au ofisini kwa kilomita 15 kwa saa, upepo wake ni sehemu moja tu ya tisa ya ule; yeye atafaidika zaidi kwa matairi yaliyojaa, mnyororo uliotiwa mafuta na breki madhubuti.

Ndugu zetu wenye dhamana ya michezo hawana budi kuipima hesabu hii kabla ya kutia sahihi. Huko Ulaya na Marekani, baiskeli imara ya mashindano hupatikana kwa kiasi cha dola 1,500. Bei ya moja ya fahari yaweza kuwapandisha vijana sita. Bingwa atapatikana miongoni mwa hao sita. Na akiisha kupatikana, ndipo tumnunulie hiyo ya kukata upepo.