Usiku Mmoja Juu ya Mlima Kenya

Sogeeni, nyinyi wa Kibera, na nyinyi mliotoka Kawangware pia. Yale maji mnayoyapangia foleni na mitungi, mengi huanzia milima ya Aberdare, yakakusanyika kwenye bwawa la Ndakaini. Leo tunapanda zaidi ya huko.

Mwaka 1948 alifika kijana Mswidi, Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea. Alizunguka Mlima Kenya, Elgon, Kilimanjaro na Rwenzori akichunguza mimea ya vileleni. Huko juu jua huchoma mchana na maji huganda usiku, mwaka mzima. Mmea hauna miguu, utakimbilia wapi?

Basi sikilizeni ujanja wake. Senesio, mti mrefu kumshinda baba yako, hauangushi majani yanayokufa. Hulifunika shina kama koti, maji ya ndani yasigande. Jioni majani mabichi nayo hujikunja juu ya chipukizi. Lakini mimi naupa ushindi mmea mwingine wa huko, lobelia. Kuna aina inayoweka maji katikati ya majani yake. Usiku uso wa maji huganda, ila chini hubaki majimaji, na chipukizi lililozama humo halidhuriki. Barafu ndiyo inayolinda! Aina nyingine ina manyoya, hukua miaka mingi, hutoa maua mara moja tu, ikafa. Hiyo imepewa jina la Teleki, Mzungu aliyepita huko mwaka 1887. Kupita tu, na jina likabaki.

Mtaalamu hatazami tu akaenda zake. Hukata tawi, hulibana kati ya magazeti likauke, kisha huandika: limetoka wapi, mita ngapi juu, lini, na nani. Bila maandishi hayo, hilo ni jani kavu ambalo hata mbuzi hulikataa. Mimea ya namna hiyo imehifadhiwa hapahapa Nairobi, kwenye Makumbusho ya Taifa. Hazina hiyo ilianzia Amani, Tanzania, mwaka 1902, ikahamia huku 1950. Mama mmoja Mganda, Christine Kabuye, aliiongoza zaidi ya miaka 20.

Sasa barafu ya Mlima Kenya inapungua. Joto likizidi, mimea husogea juu, na kileleni ni mawe matupu. Kwa hiyo anayepanda leo husoma kwanza karatasi za zamani, ajue lobelia iliishi mita ngapi, kisha apande akapime upya.