Unga wa Ulanga katika Vipodozi vya Nyumbani
Ulanga, au mika, ni madini yenye tabaka nyembamba zinazometameta. Unga wake, uliopakwa oksidi ya chuma au titaniamu, hutia rangi sabuni, mishumaa na hata rangi za midomo zinazotengenezwa nyumbani. Juu ya ngozi isiyo na jeraha kwa kawaida haudhuru. Hatari iko katika vumbi. Wasagaji wa ulanga waliolivuta kwa miaka mingi wamepata makovu ya mapafu. Basi mchanganyaji avae barakoa na aukoroge unga taratibu ndani ya mafuta.

Unga uliokusudiwa mapambo ya ufundi usipakwe machoni wala midomoni, hata ukivutia namna gani. Marekani, ulanga wa vipodozi hauruhusiwi kuzidi miligramu 20 za risasi kwa kilo. Kipakiti kisicho na lebo hakina dhamana hiyo. Mhudumu ampokeapo mgonjwa mwenye macho mekundu baada ya kujipamba, aulize unga ulinunuliwa kwa matumizi gani.