Ghuba ya Mnazi: Hifadhi Iliyo Juu ya Gesi (Sehemu ya Pili)

WIKI iliyopita tuliona jinsi kampuni ya Agip ya Italia ilivyogundua gesi asilia Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na jinsi gesi hiyo ilivyolala ardhini zaidi ya miaka 20 kabla ya kuanza kutumika. Leo tugeukie bahari yenyewe na sheria zinazoilinda.

Kati ya ugunduzi na uzalishaji kulitokea jambo ambalo wengi hulisahau. Mwaka 2000 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650 hivi, chini ya Sheria Namba 29 ya mwaka 1994. Ilikuwa ya pili nchini baada ya ile ya Mafia. Kwa hiyo mitambo ya gesi ilipofika kijijini Msimbati, kando ya ghuba, miaka michache baadaye, iliikuta hifadhi ipo.

Kwa nini mahali hapa? Mkondo wa Ikweta wa Kusini huvuka Bahari ya Hindi na kuifikia Afrika karibu na mpaka wetu na Msumbiji. Hapo hugawanyika: mkono mmoja huteremka kusini, mwingine hupanda kuelekea Lindi, Kilwa, Mafia na hadi Kenya. Mayai ya samaki na mabuu ya matumbawe huchukuliwa na maji hayo. Ghuba hii ni kitalu. Kikiharibika, mashamba ya mbali hukosa miche.

Gesi ikivuja hupanda hewani, haigandi ufukweni kama mafuta mazito, na ndiyo maana watu hudhani bahari iko salama. Lakini madhara huja kwa njia nyingine. Mtaro wa bomba ukichimbwa chini ya maji, au njia ya meli ikiongezwa kina, matope huinuka na kutua juu ya matumbawe, ambayo hutegemea mwani mdogo unaohitaji jua. Maji yanayotoka kisimani pamoja na gesi huweza kubeba chumvi na mabaki ya mafuta. Taa kali za usiku huwapoteza kasa wachanga, ambao hufuata mwanga wakielekea nchi kavu badala ya baharini. Barabara ikikatwa ndani ya mikoko bila kuachiwa mapito ya maji, bamvua halifiki. Mkandaa hunyauka, na kamba waliokulia mizizini hupungua.

Sasa tulinganishe sheria ya mvuvi na ya kiwanda. Mvuvi wa Msimbati anaijua sheria ya hifadhi kwa nyavu zake: juya limekatazwa, na lipo eneo la kiini asimoruhusiwa kuvua. Akikosea, doria humkuta majini. Wala si mgeni wa uhifadhi. Miaka ya 1990 vijiji vya pwani ya kusini vilijiunga katika umoja uliojulikana kama Shirikisho ili kupiga vita uvuvi wa baruti.

Kiwanda cha gesi nacho kina sheria yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi kuanza, cheti chenye masharti, na ukaguzi baadaye, chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Tofauti ni kwamba sharti la mvuvi linaonekana kwa macho, ilhali la kiwanda limo ndani ya kabrasha. Kanuni za mwaka 2005 zimefungua mlango: ripoti ya tathmini lazima iwe na muhtasari wa Kiswahili usio wa kitaalamu. Muhtasari huo, pamoja na masharti ya cheti, ubandikwe katika ofisi ya kijiji. Hapo kamati ya kijiji itaweza kuuliza: maji ya kisimani hupimwa wapi, na nani? Taa hupunguzwa miezi ya kasa kutaga? Matope yakizidi, kazi husimamishwa na nani?

Liko pia tatizo la hesabu. Kila mradi hupimwa peke yake: visima vya gesi, mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba, upanuzi wa bandari ya Mtwara, bandari ya Kisiwa Mgao ya shehena chafu kama makaa ya mawe. Bahari haina ugawaji huo. Vumbi la makaa na tope la mradi huu hukutana na la mradi ule. Sheria hiyohiyo ya 2004 inatambua tathmini ya kimkakati, inayopima mipango mizima. Mkoa wa Mtwara udai tathmini moja ya pwani yake yote, hadi mdomo wa Ruvuma, kabla ya kibali kingine kikubwa kutolewa.

Wiki ijayo: mapato ya gesi na fungu la vijiji.