Picha za Issenye zikae Issenye: maktaba yako ya picha bila kutegemea wingu

Kuanzia mwaka 2010, watafiti wa mradi wa Snapshot Serengeti walifunga kamera 225 zinazojipiga zenyewe katikati ya Hifadhi ya Serengeti, kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125. Mnyama akipita, kamera inahisi joto na mwendo, inapiga. Kufikia mwaka 2013 walikuwa na seti milioni 1.2 za picha, na zaidi ya watu 28,000 wa kujitolea duniani kote walikaa kwenye kompyuta zao wakizitambua moja moja: huyu nyumbu, huyu swala, huyu fisi. Leo mtafiti yeyote anaweza kuzipata, zikiwa na tarehe, saa na jina la mnyama.

Sasa toka nje ya mpaka wa hifadhi kwa upande wa magharibi, ufike kata ya Issenye. Uliza picha za harusi iliyofanyika mwaka 2016, au za bibi aliyefariki kabla ya korona. Jibu utakalopata unalijua hata kama hujawahi kufika huko: zilikuwa kwenye simu ya mjomba, ila ile simu ilipasuka kioo. Yaani fisi wa Seronera ana kumbukumbu zilizopangwa vizuri kuliko bibi.

Na si jambo dogo. Masimulizi ya Waisenye yanaitaja Nyeberekera kama makazi yao ya zamani, na leo eneo hilo limo ndani ya hifadhi. Huwezi kuamka asubuhi ukampeleka mtoto akaone babu zake waliishi wapi. Kinachobaki ni maneno ya wazee, na siku hizi picha na video za wazee hao wakisimulia. Nyingi ziko kwenye simu zenye nafasi ya GB 32 zinazoandika kila siku "hifadhi imejaa".

Wengi wetu tunajiliwaza kwamba picha ziko Google. Huenda ziko, huenda haziko. Google Photos ilipoanza Mei 2015 ilitoa nafasi isiyo na kikomo bure, ukikubali picha zipunguzwe kidogo ubora. Ofa hiyo ilikoma Juni 1, 2021. Tangu hapo unapewa GB 15, na hizo zinagawanywa kati ya picha, barua pepe na mafaili yako mengine. Zikijaa, simu inaacha kupakia kimya kimya, na ile taarifa ya onyo unaifuta pamoja na nyingine kumi. Halafu kuna kanuni ya akaunti isiyotumika: miaka miwili bila kuingia, kampuni inaweza kuifuta pamoja na vilivyomo.

Kwetu tatizo lina sura yake ya pekee. Watu wengi akaunti yao ya Gmail walifunguliwa na muuza simu siku ile ile waliyonunua simu. Nywila hawaijui. Namba ya kurejeshea akaunti ni laini ambayo baadaye ilifungwa kwa kukaa bila kutumika, na pengine sasa inatumiwa na mtu mwingine kabisa. Simu ikiibiwa mnadani, picha zipo salama kwenye jengo la kifahari nje ya nchi, ila mwenye ufunguo hayupo.

Ongeza na njia yenyewe. Sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na dunia hupita kwenye mikongo ya baharini, kama SEACOM iliyofika mwaka 2009 na EASSy iliyofuata mwaka 2010. Mei 12, 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku kama hizo mtu aliye na picha zake zote winguni hana picha.

Ndipo linapokuja wazo la kuwa na seva yako. Neno "seva" linatisha bure. Seva ni kompyuta yoyote iliyowashwa muda wote, ikisubiri kuombwa kitu na kukitoa. Simu inaiuliza, "nipe picha za Desemba," yenyewe inatoa. Ile ya Google na ile ya nyumbani zinafanya kazi moja. Tofauti ni ukubwa, mwenye nyumba, na nani analipa bili ya umeme.

Programu ninayoipendekeza ni Immich. Ilianzishwa mwaka 2022 na Alex Tran, ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na toleo lake la kwanza la kuaminika kwa matumizi ya kudumu lilitoka Oktoba 2025. Ukiiweka kwenye kompyuta yenye Linux, kisha ukapakua programu yake kwenye simu, unachokiona kinafanana sana na Google Photos: picha zimepangwa kwa tarehe, simu inapakia zenyewe ukifika nyumbani, kila mwanafamilia ana akaunti yake. Wapo wengine kama PhotoPrism na Nextcloud, nao wana mashabiki wao. Mimi naangalia ni ipi shangazi ataweza kuitumia bila kunipigia simu.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo hoja ilipo. Chukua familia yenye picha 10,000, kila moja MB 3. Hiyo ni GB 30, video hatujazigusa. Kwenye mtandao wa simu wa kijijini, tuseme kasi ya kupakia ni megabiti 2 kwa sekunde, sawa na robo megabaiti. GB 30 zitachukua saa 33 mfululizo, mtandao usiyumbe hata mara moja, na bando la GB 30 liishe. Kwenye waifai ya ndani, simu na seva zikiwa chumba kimoja, kasi ya megabaiti 20 kwa sekunde ni ya kawaida. Kazi ile ile inaisha kwa dakika 25, na bando halijaguswa kabisa.

Hapo kwenye bando wengi hawaamini. Waifai na intaneti ni vitu viwili. Ruta ni kama uwanja wa nyumbani: watu wa boma moja wanaongea humo hata kama lango la kwenda barabarani limefungwa. Picha ikitoka kwenye simu kwenda kwenye seva iliyo mezani, haipiti kwa kampuni ya simu. Intaneti unaihitaji siku ya kusakinisha programu na siku za kuisasisha, basi. Wenzetu wa Ulaya wakijadili seva za nyumbani wanaongelea zaidi faragha. Issenye sababu ya kwanza ni kwamba kuituma picha nje ya nchi ili uione ukiwa umekaa karibu na aliyeipiga ni gharama isiyo na maana.

Kifaa gani? Mitandaoni watakuambia Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kukaa kiganjani. Ni nzuri na inakula umeme kidogo. Lakini kwa Mara ningechagua laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8, hata kama kioo kimepasuka, kwa sababu moja: ina betri. Umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, mafaili yanaweza kuharibika. Laptopu haikatiki, inaendelea na betri yake hadi umeme urudi au hadi ijizime kwa utaratibu. Kama diski ni ya nje, hakikisha ni ile inayochukua umeme kutoka kwenye laptopu yenyewe, la sivyo faida hiyo umeipoteza. Laptopu iliyotulia inatumia kama wati 15, yaani takribani uniti 11 kwa mwezi. Kwa hesabu ya uniti 28 kwa elfu kumi, ni kama shilingi 4,000. Mwenye sola ajue ni wati-saa 360 kwa siku, siyo mzigo wa paneli ya taa. Si lazima iwashwe usiku kucha. Saa tatu za jioni zinatosha watu kupakia, na matumizi yanashuka hadi wati-saa 45.

Sasa kuna sehemu inayonifurahisha kisayansi. Ukipakia picha, Immich inazitafuta nyuso ndani yake na kugeuza kila uso kuwa orodha ya namba 512. Mafunzo ya modeli yamefanywa ili nyuso mbili za mtu mmoja zitoe orodha zinazokaribiana, na za watu tofauti zitoe orodha zilizo mbali. Ukiandika jina la bibi kwenye picha moja, kompyuta inaangalia namba zipi ziko jirani, inakukusanyia nyingine. Kazi yote inafanyika kwenye ile laptopu. Hakuna uso unaotumwa popote. Inakosea, hasa kwa watoto ambao sura inabadilika kila mwaka na kwa ndugu wanaofanana, kwa hiyo keti na mtu mzima anayewajua watu ukasahihishe.

Kutafuta kwa maneno nako kunawezekana: unaandika "ng'ombe mtoni" na picha zinakuja ingawa hakuna aliyeziandikia maelezo. Modeli inayokuja na Immich ilifunzwa kwa Kiingereza, ila unaweza kuibadilisha ukaweka zile za NLLB-CLIP, zinazoelewa lugha 201, Kiswahili kikiwemo. Kiisenye hakimo. Ukitaka kutafuta kwa Kiisenye, itabidi majina ya sherehe, mahali na vyombo yaandikwe kwa mkono kwenye maelezo ya picha. Binafsi naona hiyo ndiyo kazi yenye thamani kubwa kuliko zote, na haiwezi kusubiri, maana wanaoyajua majina hayo wanazidi kupungua.

Swali linalofuata huwa ni la ndugu waliopo mbali: aliye Dar es Salaam au Muscat atazionaje? Ugumu uko hivi. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fikiria shule nzima inayotumia S.L.P. moja. Mwanafunzi akiandika barua nje, majibu yanamfikia kwa sababu shule inajua nani aliandika. Lakini mgeni akituma barua bila mwanafunzi kuanza, haijulikani ni ya nani. Seva yako iko kwenye hali hiyo: inaweza kutoka, haiwezi kufikiwa. Suluhisho ni seva yenyewe ianze mazungumzo kwa kutumia programu kama Tailscale, inayotengeneza njia ya siri kati ya vifaa mlivyoviidhinisha. Hapo bando linatumika, lakini kwa picha anazozifungua ndugu huyo tu, na mara nyingi ni vijipicha vidogo.

Usiruke sehemu hii hata kama una haraka: seva ya nyumbani si nakala rudufu. Ukihamisha picha zote kutoka kwenye simu kwenda kwenye diski moja, umebadilisha tu kifaa kitakachokufa. Backblaze, kampuni ya Marekani yenye diski zaidi ya laki mbili na nusu, iliripoti kwamba mwaka 2024 asilimia 1.57 ya diski zake ziliharibika. Hizo ziko kwenye vyumba vyenye kiyoyozi. Yako ina vumbi, joto, na radi. Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Wingu likijikusanya, chomoa plagi na waya wa ruta, acha laptopu kwenye betri.

Wapiga picha hutumia kanuni ya 3-2-1, iliyosambazwa na Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae mbali. Kwa Issenye, "mbali" iwe Musoma au Mwanza kwa ndugu mnayeaminiana. Nunua diski mbili za nje. Moja ipo nyumbani inanakiliwa, nyingine ipo kwa ndugu. Mkikutana Krismasi au msibani mnabadilishana. Usicheke basi. Diski ya TB 1 ikisafiri saa nne, huo ni wastani wa megabiti 555 kwa sekunde, kasi ambayo hakuna bando litakupa. Kabla ya kuituma, ifunge kwa nywila, maana mizigo hupotea.

Kitu kingine cha kuangalia ni WhatsApp. Picha nyingi za sherehe tunazo kwa njia hiyo, na WhatsApp huzipunguza ukubwa na kufuta tarehe na mahali zilipopigwa. Immich inatambua mafaili yaliyo sawa kabisa, baiti kwa baiti, na kukataa kuyarudia. Lakini picha ya WhatsApp na ile asili ni mafaili mawili tofauti, kwa hiyo zote zitaingia, na ile mbovu itajipanga kwenye tarehe isiyo yake. Mfuate aliyepiga. Akutumie kama dokumenti, siyo kama picha, au aje aunganishe simu yake kwenye waifai yenu.

Kama picha zako hazifiki GB 10 na nywila yako unaijua, baki na wingu na uweke nakala kwenye diski. Seva itakuongezea kazi tu. Familia yenye simu nane na wazee watatu hai ni hadithi nyingine. Wakiamua, wachague watu wawili wa kuitunza, mmoja akienda chuo mwingine abaki. Waweke Immich ipange mafaili kwa mwaka na mwezi kwenye folda za kawaida, ili hata programu ikifa, diski ichomekwe kwenye kompyuta yoyote na picha zifunguke. Majina ya nyuso na maelezo yako kwenye hifadhidata, siyo ndani ya picha. Immich huinakili kila siku saa 8 usiku; kama seva yenu inazimwa jioni, badilisheni saa hiyo kwenye mipangilio iwe saa 2 usiku, watu wakiwa bado wanakula.